Meli inaposubiri malipo: Shelisheli, deni la taifa na dola zisizochapishwa kisiwani

Dawa ya deni ni kulipa. Mtu anayedaiwa shilingi na anayepata shilingi hana la kuongeza juu ya msemo huo. Serikali ya kisiwa kidogo ina swali moja zaidi la kujibu: kulipa kwa fedha ipi? Shelisheli hukusanya kodi kwa rupia. Mchele, dizeli, saruji, dawa za hospitali na vipuri vya jenereta vinavyoshushwa bandari ya Victoria, mji mkuu, hulipwa kwa dola au yuro, na riba ya mikopo ya nje hali kadhalika. Benki Kuu inaweza kutoa rupia kadiri itakavyo, lakini dola haiwezi kutoa hata moja. Karibu kila balaa la deni lililowahi kuvikuta visiwa vidogo lina mzizi hapo.

Ndiyo maana kipimo kinachopendwa na magazeti, deni kwa asilimia ya pato la taifa, huwapotosha wasomaji linapokuja suala la visiwa. Japani inadaiwa zaidi ya asilimia 200 ya pato lake na hakuna meli inayogoma kushusha mzigo Yokohama, kwa sababu inadaiwa yeni, na sehemu kubwa inadaiwa na watu wake yenyewe. Kisiwa chenye asilimia 60 kinaweza kukwama mwezi ujao ikiwa nusu ya deni hilo ni dola, linaiva (yaani muda wake wa kulipwa unafika) kwa mkupuo, na sanduku la Benki Kuu lina wiki tatu za kununua bidhaa.

Shelisheli inafaa kuchunguzwa kwa sababu imepita hatua zote: ilianguka vibaya mwaka 2008, ikapanga upya madeni yake, ikajaribu njia mpya za kukopa, kisha ikapigwa na janga la 2020 na kusimama bila kuacha kulipa. Ni majirani zetu kabisa, upande wa mashariki ukivuka bahari kutoka Mombasa na Tanga, ingawa mambo yao tunayasikia kwa nadra.

Nchi ina visiwa 115, na mwaka 2008 ilikuwa na watu wapatao 87,000, wengi wao Mahé, wachache Praslin na La Digue. Uwanja wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa 1971, na kuanzia hapo watalii wakawa chanzo cha kwanza cha dola. Chanzo cha pili ni jodari: meli kubwa za Ulaya na Asia huvua katika eneo la bahari la nchi hiyo, lenye kilomita za mraba zipatazo milioni 1.35, hulipia leseni, na sehemu ya samaki husindikwa kwenye makopo Victoria. Baada ya vyanzo hivyo viwili hakuna cha tatu cha maana. Uchumi wa aina hiyo hauna pa kujificha, kwani safari za ndege zikipungua hakuna kahawa, dhahabu wala chai ya kujazia pengo.

Baada ya mapinduzi ya 1977, serikali ya France-Albert René ilijenga nchi yenye shule na matibabu bila malipo, nyumba za umma na pensheni, na matokeo yake yalionekana: kwa maendeleo ya watu, Shelisheli imekuwa miongoni mwa nchi za juu kabisa Afrika kwa miongo mingi. Mafanikio hayo ni ya kweli na yanastahili heshima. Kosa lilikuwa kwenye namna ya kuyagharimia. Serikali ilitumia kuliko ilivyokusanya, ikaziba nakisi kwa kukopa ndani na nje, na wakati huohuo ikashikilia bei rasmi ya rupia juu kuliko thamani yake sokoni. Bidhaa nyingi za nje zilipita kwenye mikono ya bodi moja ya serikali, Seychelles Marketing Board.

Namna bei ya rupia iliyoshikiliwa inavyokausha dola inafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu imerudiwa katika nchi nyingi, Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 ikiwemo. Rupia ikiwa ghali kuliko inavyostahili, bidhaa ya nje huonekana rahisi. Kila mtu anataka kuagiza. Maombi ya dola hupita dola zilizopo, kwa hiyo benki huanza kuzigawa kwa foleni. Mwagizaji aliye kwenye foleni miezi kadhaa huenda mtaani kununua dola kwa bei ya juu. Mwenye hoteli akiona bei mbili, ya benki na ya mtaani, hupeleka benki kidogo tu kati ya alichopata, au huacha malipo ya wageni kwenye akaunti ya nje ya nchi. Dola za benki huzidi kupungua, foleni hurefuka, na pengo la bei mbili hupanuka. Serikali hujibu kwa amri: Shelisheli iliwataka watalii walipe hoteli kwa fedha za kigeni, na ikabana matumizi ya dola. Amri hupunguza kasi ya ugonjwa kwa muda tu, kwa sababu kinachoulisha ni bei yenyewe.

Katikati ya hali hiyo, Septemba 2006, serikali iliuza hatifungani, yaani hati ya mkopo inayonunuliwa na wawekezaji, ya dola milioni 200 katika soko la kimataifa, kwa riba ya asilimia 9.125, kuiva 2011. Mwaka uliofuata ikaongeza dola milioni 30. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kufuta malimbikizo ya zamani kwa wakopeshaji wa kimataifa. Kwa kuitazama haraka ni jambo jema, kusafisha daftari. Ukiipigia hesabu inatisha. Riba ya asilimia 9.125 kwa dola milioni 230 ni karibu dola milioni 21 kwa mwaka, yaani milioni 10.5 kila baada ya miezi sita. Kisha, siku moja ya Oktoba 2011, zilitakiwa dola milioni 230 kwa pamoja, zaidi ya dola 2,600 kwa kila mtu, akiwemo mtoto mchanga. Nchi iliondoa madeni ya muda mrefu yenye masharti ya kuvumilika na kuweka mahali pake deni la miaka mitano, ghali, linaloiva kwa mkupuo, huku ugonjwa wa rupia ukiachwa bila kutibiwa. Waliponunua hatifungani hiyo, wawekezaji walikuwa wakinunua ahadi kwamba mwaka 2011 watatokea wengine wa kuikopesha Shelisheli ili iwalipe wao. Ahadi ya namna hiyo hudumu kadiri soko linavyokuwa na furaha.

Furaha ilikwisha 2008. Bei ya chakula duniani ilipanda, pipa la mafuta likafika dola 147 mwezi Julai, na masoko ya mikopo yakaganda. Kisiwa kinachozalisha umeme kwa dizeli na kula mchele wa nje hakina njia ya kukwepa. Julai 2008 serikali ilishindwa kulipa fungu la noti za yuro milioni 54.75. Oktoba ikashindwa kulipa kuponi, yaani fungu la riba, ya ile hatifungani ya dola milioni 230, hizo milioni 10.5 tulizozipigia hesabu. Akiba ya fedha za kigeni haikutosha kununua bidhaa za mwezi mmoja, na deni lote la umma, la ndani na la nje, lilikuwa limepita pato la taifa kwa mbali.

Watu wengi hudhani nchi hushindwa kulipa ikifikia kiasi fulani cha deni. Shelisheli haikuanguka kwa kiasi. Ilianguka kwa sababu tarehe ya kuponi ilifika na sanduku lilikuwa tupu, na aliyebaki na dola chache alipaswa kuchagua kati ya mwenye hatifungani London na meli ya mafuta iliyotia nanga.

Tarehe 1 Novemba 2008 rupia iliachiwa ielee, yaani bei yake ipangwe na soko, na vizuizi vya kubadilisha fedha vikaondolewa. Katikati ya mwezi huo Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinisha mkopo wa dola milioni 26 hivi kwa miaka miwili. Rupia ilishuka kutoka karibu 8 kwa dola hadi 16 na ushee. Mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 63 mwisho wa mwaka. Ruzuku za jumla ziliondolewa, na mahali pake ukawekwa mfuko wa kuwasaidia wale tu waliothibitika kuwa na dhiki. Idadi ya watumishi wa umma ilipunguzwa kwa asilimia 12.5, mmoja kati ya wanane, kwa mpango wa kuondoka kwa hiari na kulipwa kiinua mgongo. Mshahara wa rupia 4,000 uliokuwa na thamani ya dola 500 mwezi Oktoba ulikuwa na thamani ya dola 250 kabla ya Krismasi. Hayo ni maumivu makubwa kwa mwalimu na muuguzi, na yeyote anayesifu mageuzi ya Shelisheli bila kuwataja hao anasimulia nusu ya habari.

Hata hivyo bei mbili zilikwisha mara moja. Hoteli zilirudisha dola benki kwa sababu hapakuwa na faida tena ya kuzificha, na foleni zikayeyuka. Mwishoni mwa 2009 rupia ilikuwa imepanda tena hadi karibu 11, na bei zikawa zimetulia kabisa. Hapa pana siri ya visiwa vya utalii ambayo nchi nyingine maskini hazina: chumba cha hoteli huuzwa kwa yuro, kwa hiyo rupia inaposhuka, mapato ya hoteli kwa rupia hupanda, na kodi inayotozwa juu yake hupanda pia.

Upande wa pili wa sarafu hiyohiyo uonekane kwa hesabu. Chukua nchi ya mfano yenye pato la rupia bilioni 8 na deni la nje la dola milioni 500. Dola ikiwa rupia 8, deni ni rupia bilioni 4, asilimia 50 ya pato. Dola ikiwa rupia 16, deni lilelile ni rupia bilioni 8, asilimia 100, bila kukopa senti moja zaidi. Pato likipanda kwa sababu ya hoteli, asilimia hiyo hushuka tena kidogo, lakini si mara moja. Kwa hiyo kuachia sarafu bila kupunguza deni la nje kungeizamisha nchi, na kupunguza deni bila kuachia sarafu kungeirudisha palepale baada ya miaka mitano. Shelisheli ilifanya yote mawili ndani ya miezi kumi na mitano.

Kupanga upya deni la taifa kuna mfuatano wake, na ukivurugwa mambo hukwama. Kwanza nchi hutangaza kusimamisha malipo kwa aina zilizotajwa za wadai na kuajiri washauri wa fedha na wa sheria. Pili, IMF hupiga hesabu ya kiasi cha deni ambacho nchi inaweza kukibeba, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua ni kiasi gani kikatwe. Tatu, serikali zinazodai huketi katika Klabu ya Paris. Aprili 2009 klabu hiyo ilikubali kufuta asilimia 45 ya deni la Shelisheli la dola milioni 163 hivi, nusu ya ufutaji Julai 2009 na nusu Julai 2010, kila nusu ikingoja nchi itimize masharti ya IMF. Kilichobaki kilipangwa kulipwa kwa miaka 18, mitano ya mwanzo bila kulipa mtaji, yaani kiasi chenyewe kilichokopwa. Nne, na hapa ndipo penye meno, makubaliano ya Paris huilazimisha nchi iwatake wadai wengine wote wapunguze kwa kiwango kinacholingana. Bila sharti hilo, kodi ya raia wa Ufaransa au Ubelgiji ingekuwa inamlipa mwenye hatifungani.

Wenye hatifungani walipewa pendekezo Desemba 2009. Karatasi ya zamani ilibadilishwa kwa mpya yenye nusu ya thamani, riba ikianza asilimia 3 na kupanda hatua kwa hatua hadi 8, mtaji ukilipwa vipande vipande hadi 2026. Hatifungani mpya, iliyochukua pia nafasi ya zile noti za yuro, ilikuwa ya dola milioni 169 hivi. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa dhamana ya dola milioni 10 kwa malipo ya riba. Kiasi hicho ni kidogo ukilinganisha na deni, lakini kilimwambia mdai kwamba hata Victoria ikichelewa, kuna aliyesimama nyuma. Walio wengi wakakubali, na vifungu vya maamuzi ya pamoja ndani ya mkataba vikawafunga waliobaki. Vifungu hivyo vinasema kwamba wenye kiasi fulani cha hatifungani, kwa kawaida asilimia 75, wakikubali mabadiliko, hakuna anayeweza kukaa kando na kushtaki ili alipwe yote. Yeyote anayesoma mkataba wa hatifungani ya nchi yake aanze kwa kutafuta kifungu hicho, kisha atafute mahakama ya nchi gani ndiyo yenye mamlaka, kabla hata ya kutazama riba.

Baada ya kukatwa, deni lililobaki lilihitaji kushushwa kwa nidhamu ya bajeti. Kanuni yake ni nyepesi. Kama deni ni asilimia 100 ya pato, riba ya wastani ni asilimia 7 na pato linakua kwa asilimia 3, basi serikali inahitaji ziada ya karibu asilimia 4 ya pato kila mwaka, kabla ya kulipa riba, ili deni lisipande tu. Ili lishuke inahitaji zaidi. Shelisheli ilishikilia ziada ya namna hiyo mwaka hadi mwaka, na Januari 2013 ikaanzisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15. Kabla ya 2020 deni lilikuwa chini ya asilimia 60.

Sasa tuje kwenye yale yaliyoipa nchi hii sifa duniani, kubadilishana deni na hifadhi ya bahari, na hatifungani ya buluu. Nayaunga mkono, lakini yanasimuliwa kwa namna inayowafanya watu waamini kwamba ni dawa ya deni.

Ubadilishanaji ulikamilika mwanzoni mwa 2016. Shirika la The Nature Conservancy lilikusanya dola milioni 20.2: milioni 15.2 za mkopo kutoka kwa wawekezaji na milioni 5 za msaada. Fedha zilipitia mfuko wa hifadhi ulioundwa 2015, SeyCCAT, zikakopeshwa serikali, nayo ikalipia deni la dola milioni 21.6 ililodaiwa na baadhi ya wanachama wa Klabu ya Paris. Toa moja kwa nyingine: punguzo ni dola milioni 1.4, asilimia 6.5. Basi. Faida kubwa iko kwingine. Serikali sasa inaulipa mfuko ulioko Victoria badala ya hazina za Ulaya, kwa muda mrefu zaidi, na sehemu ya malipo ni kwa rupia. Sehemu hiyo imehama kutoka safu ya dola kwenda safu ya sarafu inayochapishwa nyumbani, na kwa hesabu ya kisiwa hilo lina uzito kuliko punguzo lenyewe. Kwa upande wake nchi iliahidi kuhifadhi asilimia 30 ya bahari yake, na Machi 2020 ikatangaza maeneo yenye kilomita za mraba zipatazo 410,000, Aldabra ikiwemo.

Hatifungani ya buluu ilitolewa Oktoba 2018: dola milioni 15, miaka kumi, riba ya asilimia 6.5. Benki ya Dunia iliweka dhamana ya dola milioni 5, na Mfuko wa Mazingira Duniani ukatoa mkopo nafuu wa dola milioni 5 wa kusaidia kulipa riba, hadi gharama halisi kwa serikali ikashuka kuwa asilimia 2.8. Tofauti hiyo, pointi 3.7 kwa dola milioni 15, ni dola 555,000 kwa mwaka. Fedha ziligawanywa: milioni 3 za ruzuku kupitia SeyCCAT na milioni 12 za mikopo kwa wavuvi na wasindikaji kupitia Benki ya Maendeleo ya Shelisheli. Jambo linalopaswa kuigwa hapo ni ratiba. Mtaji haulipwi siku moja. Hulipwa mafungu matatu sawa katika mwaka wa nane, wa tisa na wa kumi. Waliojifunza kwa hatifungani ya 2006 walijifunza vizuri.

Panapohitaji tahadhari ni kwenye ukopeshaji. Serikali inadaiwa dola, mvuvi anakopeshwa rupia ili anunue mashine ya barafu. Rupia ikishuka, mvuvi analipa alichoandikiwa na hasara ya ubadilishaji inabaki kwa serikali. Mradi usipoongeza samaki wanaouzwa nje, au usipopunguza chakula kinachoagizwa, dola za kulipia zitatoka kwa watalii walewale. Kisiwa chochote kinachotaka kuiga kijiulize hilo mwanzo: mradi huu utaleta dola ngapi, au utaokoa dola ngapi, katika mwaka ambao deni linaiva?

Na hata dola za watalii zihesabiwe kwa uangalifu. Mgeni akilipa yuro 300 kwa usiku, sehemu hukatwa na wakala wa safari Ulaya kabla haijafika Mahé. Sehemu inarudi nje kununua nyama, divai, samani na vifaa vya viyoyozi. Sehemu ni mishahara ya wafanyakazi wageni inayotumwa kwao. Kinachobaki ndani ndicho kinacholipa deni, kwa hiyo wizara ya utalii inaweza kutangaza rekodi ya wageni huku akiba ya Benki Kuu ikisinyaa.

Mwaka 2020 ulikuwa mtihani. Wageni walishuka kutoka takriban 384,000 mwaka 2019 hadi 115,000, na wengi wa hao walikuja kabla ya Aprili. Serikali ililipa mishahara ya kampuni binafsi ili watu wasifukuzwe, mapato ya kodi yakaporomoka, na deni likaruka hadi karibu asilimia 90. Rupia ilitoka karibu 14 hadi zaidi ya 20 kwa dola. Kwa asilimia tu, hali ilifanana na maandalizi ya 2008 nyingine. Haikuwa hivyo, kwa sababu akiba ilikuwa zaidi ya dola milioni 500, hapakuwa na hatifungani ya kuiva kwa mkupuo, na rupia ilikuwa huru kushuka na kupanda bila foleni. Julai 2021 IMF iliidhinisha dola milioni 105 hivi. Mipaka ilikwisha kufunguliwa kwa wageni wa karibu nchi zote mwezi Machi, watalii wakarudi, na rupia ikarejea karibu 15. Mwaka 2022 walifika zaidi ya 330,000, na deni likashuka tena kuelekea asilimia 60. Kuponi hazikukoswa.

Visiwa vingine vinaonyesha sura tofauti za jambo hilohilo. Maldivi waliuza sukuk, hatifungani ya Kiislamu, ya dola milioni 500 mwaka 2021, faida asilimia 9.875, kuiva yote 2026. Kufikia 2024 akiba ilikuwa nyembamba kiasi kwamba India iliingia Oktoba na makubaliano ya kubadilishana sarafu ya dola milioni 400. Ni umbo lilelile la Shelisheli ya 2006, na linaumiza kulitazama. Barbados mwaka 2018, deni likiwa karibu asilimia 158, ilisimamisha malipo ya nje mara tu serikali ya Mia Mottley ilipoingia. Dola yao imefungwa mbili kwa moja ya Marekani tangu 1975 na hawakuigusa, kwa hiyo mzigo mkubwa ulibebwa na bajeti na wenye hatifungani wa ndani, mabenki na mfuko wa hifadhi ya jamii. Walipopanga deni la nje mwaka 2019 waliandika kifungu cha maafa: kimbunga kikubwa kikipiga, malipo yanaweza kuahirishwa kwa miaka miwili. Grenada walitangulia na kifungu cha vimbunga, na baada ya kimbunga Beryl kukipiga kisiwa chao cha Carriacou Julai 2024 wakakitumia. Shelisheli nyingi ziko nje ya njia ya vimbunga, lakini Komoro haziko. Kimbunga Kenneth kiliwapitia Aprili 2019.

Komoro zenyewe ni kisa kingine. Zilipunguziwa deni Desemba 2012 chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, faranga yao imefungwa kwenye yuro, na dola zao nyingi ni yuro za ndugu walioko Ufaransa, Marseille hasa. Soko la hatifungani haliwagusi, kwa hiyo hawaanguki kama Shelisheli ilivyoanguka. Bandari na barabara zao nazo zinasubiri mikopo nafuu inayokuja polepole. Shelisheli imepoteza mlango huo: tangu 2015 Benki ya Dunia inaihesabu nchi ya kipato cha juu, na mikopo ya bei nafuu kabisa haipo kwake hata kama bahari inakula fukwe zake. Wasomaji wa Unguja na Pemba watauliza juu yao. Zanzibar hutumia shilingi ya Tanzania na mikopo yake ya nje hupita kwenye dhamana ya Muungano, kwa hiyo hesabu hii ya sanduku la dola hufanywa Dar es Salaam na Dodoma, kwa uchumi mzima.

Anayetaka kufuatilia kisiwa chochote hahitaji ripoti ya kurasa mia. Achukue taarifa ya deni ya wizara ya fedha na taarifa ya mwezi ya Benki Kuu. Atafute akiba imebeba miezi mingapi ya bidhaa za nje, na aondoe humo dola zilizowekwa na mabenki ya biashara, maana hizo ni amana za wateja. Miezi mitatu ndicho kipimo cha kawaida, ila kwa kisiwa cha utalii miezi mitatu ni kufunga viwanja vya ndege robo mwaka tu. Atenganishe deni la fedha za kigeni na la sarafu ya nyumbani. Aandike tarehe za kuiva, mwaka kwa mwaka, na azungushie duara mwaka wowote ambao malipo yanazidi nusu ya akiba. Kisha aende kwenye ukurasa ambao huwekwa mwisho kabisa: dhamana za serikali kwa mashirika ya umma, yaani ndege, umeme, bandari, nyumba. Deni la shirika la ndege halionekani kwenye asilimia za wizara hadi siku shirika linaposhindwa, na visiwa vingi vina shirika la ndege kwa sababu bila hilo hakuna mgeni anayefika.

Kwa Shelisheli, katika ukurasa wa tarehe za kuiva, hatifungani mpya iliyozaliwa na kilio cha 2008 inamalizika 2026, mwaka uleule ambao fungu la kwanza la hatifungani ya buluu linalipwa, dola milioni 5. La pili ni 2027, la tatu 2028.